Jiko la Gesi Lisipowaka: Mazungumzo na Wananchi wa Mella



Huenda mkajiuliza polisi wanatafuta nini jikoni. Jibu ni kwamba hapa Uganda kikosi cha zimamoto na uokoaji ni sehemu ya Jeshi la Polisi. Jiko likilipuka, sisi ndio tunaoitwa. Ni heri tuzungumze leo kuliko kukutana siku ya moshi.

Kasoro ya kawaida ya jiko la gesi ni kiwashio kugoma. Mtu huzungusha kitufe, akasikia mlio mdogo, moto usitokee. Akarudia mara tano, mara kumi. Wakati huo wote gesi inatoka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: haipandi darini, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza na vitanda. Cheche ya kumi na moja ikikubali, haiwashi jiko peke yake, huwasha chumba kizima.

Kwa hiyo, kabla ya yote, nuseni. Gesi yenyewe haina harufu. Harufu kali ile imetiwa makusudi ili ituonye. Mkiisikia, msiwashe kiberiti wala taa, na msiguse swichi yoyote ya umeme. Fungeni mtungi, fungueni milango na madirisha, toeni watu nje, kisha pigeni simu mkiwa mbali na nyumba.

Ikiwa hakuna harufu, fungeni mtungi, liacheni jiko lipoe, kisha jaribuni kiwashio mkiwa mmetia giza jikoni. Je, mnaona cheche?

Cheche ikionekana, kiwashio ni kizima. Tazameni kama mtungi umekwisha, kama regeleta imekaa sawasawa, na kama matundu ya kichomeo yamezibwa na uji uliofurika. Yasugueni kwa mswaki wa zamani, lakini msiyapanue kwa msumari. Kifuniko cha kichomeo nacho kikikaa upande, moto haushiki.

Cheche isipoonekana, tazameni kile kijiti chenye kauri nyeupe kando ya kichomeo. Mafuta na maji huizuia cheche. Kifuteni na kukikausha vizuri. Kama kauri imepasuka, cheche huruka pasipotakiwa, na kijiti kibadilishwe. Majiko mengine hutumia betri, ibadilisheni. Mengine yana nyundo ndogo inayogonga kipande cha fuwele na kuzalisha umeme. Hiyo ikichakaa, ni kazi ya fundi.

Kuna majiko ambayo moto huwaka, kisha huzima mara tu kitufe kinapoachiwa. Hayo yana kinga inayokata gesi mpaka ipate joto. Shikilieni kitufe kwa sekunde kama kumi. Moto ukizidi kuzima, mwiteni fundi. Msiing'oe kinga hiyo.

Mpaka kiwashio kitengenezwe, tumieni kiberiti kwa utaratibu huu: moto kwanza, gesi baadaye. Usiposhika ndani ya sekunde chache, fungeni, ngojeni dakika kadhaa hewa ibadilike, ndipo mjaribu tena. Kila mnapobadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Msipime kwa moto kamwe.

Sasa tuseme la mpakani. Mitungi huvuka kwa njia za panya kati ya Malaba na Busia, na mingine hujazwa uchochoroni bila mizani wala ukaguzi. Mtungi uliojazwa kupita kiasi hauna nafasi ya gesi kutanuka jua linapouchoma. Mnakumbuka Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024: gari la gesi lililipuka, watu wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023. Nunueni mtungi wenye lakiri isiyovunjwa, mpimiwe kwenye mizani, na regeleta iwe inayolingana na mdomo wa mtungi huo. Isiyolingana haifungwi kwa kipande cha mpira wala kwa nguvu.

Tunafahamu kwamba wapo wanaoogopa kutuita kwa sababu mtungi wao ulipita pasipo karatasi. Tunawasihi: gesi inapovuja, msiufiche mtungi chini ya kitanda mkingoja usiku. Anayelala juu ya kitanda hicho ni mtoto wenu. Tunapoitwa kwenye hatari ya moto, kazi yetu ya kwanza ni kuokoa uhai. Piga 999 au 112. Nambari hizo zinatumika upande huu na upande wa Kenya pia.

Ajali haina kinga, walisema wahenga. Lakini ajali hii kinga yake ipo mikononi mwetu.