Nondo wa Mchana wa Sigi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu



Katika sherehe kama hii ni desturi kuwataja waliojenga, waliochangia na waliotutangulia. Wenzetu wamekwisha kulitimiza jambo hilo vizuri. Sisi tumeombwa tuseme machache juu ya Sigi, mahali ambapo familia nyingi za hapa hupanda kwa matembezi wakati wa likizo. Sigi si ya matembezi tu. Mto Zigi, ambao wengine huuandika Sigi, hushuka kutoka milima ya Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo yanayoletwa katika mabomba ya mji wa Tanga. Kwa hiyo kila aliyekunywa maji leo asubuhi ana jambo linalomuunga na msitu ule.

Tumechagua kumzungumzia kiumbe mmoja mdogo wa huko, ambaye huenda wengi wetu tumemwona bila kumjua.

Mnapofika Sigi kwa njia ya Muheza, mnafika kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Hapo ndipo ilipoishia reli nyembamba iliyojengwa na Wajerumani, na jengo la kituo lingali lipo. Kutoka hapo barabara hupanda kuelekea Amani, ambako taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo ilianzishwa mwaka 1902. Kando ya barabara hiyo, pale msitu unapokoma na jua likapata nafasi, mimea ya kutambaa hujisuka juu ya vichaka. Hapo ndipo pa kusimama na kutazama, jua linapokuwa limekwisha kupanda.

Anayepita hapo ana mabawa ya mbele meusi, yenye mabaka ya rangi ya manjano iliyofifia kama samli. Akiyafunua, mabawa ya nyuma yanaonekana kuwa ya rangi ya chungwa iliyoiva, yenye pindo jeusi. Watoto husema, "Kipepeo!" Watu wazima pia husema hivyo. Kumbe ni nondo. Tunaomba mafundi na wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi waliopo hapa watuwie radhi: hatusemi nondo za zege, bali mdudu, ndugu wa wale wanaoizunguka taa usiku.

Huyu hakuchagua usiku. Huruka mchana, katika mwanga, na hunyonya maua kama kipepeo. Hata vipapasio vyake huvimba kidogo kuelekea nchani, jambo linalozidi kutudanganya. Mtazameni anapotua. Vipepeo wengi husimamisha mabawa juu ya mgongo kama viganja viwili vilivyokutanishwa. Huyu huyalaza juu ya mwili kama paa la nyumba, na ile rangi ya chungwa ikafichika. Wataalamu huwaweka nondo wa namna hii katika kundi la Agaristinae, na wengi wa Afrika Mashariki wenye sura tuliyoieleza ni wa jenasi ya Heraclia. Jenasi nyingine ya kundi hilo, Aegocera, ina aina zake Afrika na nyingine India. Marekani wanaye ndugu yao mashuhuri, Alypia octomaculata, mweusi mwenye madoa manane: mawili katika kila bawa.

Kwa nini mdudu dhaifu ajipambe hivyo na kutembea mchana mbele ya ndege? Katika ulimwengu wa wadudu, rangi kali za namna hii mara nyingi ni onyo. Ndege aliyewahi kuonja mdudu mchungu huikumbuka rangi yake, na safari ya pili humwacha.

Sasa tufike kwenye majani. Nondo huyu hutoka kwa kiwavi, na viwavi wa kundi hili wanajulikana kwa kula mimea ya jamii ya mzabibu. Jamii hiyo ni kubwa kuliko zabibu tunazozinunua sokoni. Misituni na vichakani mwetu imo mizabibu mwitu ya jenasi ya Cissus na Cyphostemma, inayopanda kwa vijikamba vinavyojizungusha kwenye matawi. Mmoja wao wazee wetu wanaujua kwa jina la Kigujarati, hadsankal, na kwa Kihindi, hadjod: ule wenye shina la pembe nne, ambao katika tiba ya Ayurveda umetumika tangu zamani kwa waliovunjika mifupa. Mmea huo huota India, na huota pia Afrika Mashariki. Wazee waliovuka bahari kuja pwani hii waliukuta mwenyeji huku, nao ulikuwa ukiwafahamu viwavi kuliko ulivyowafahamu waganga.

Kiwavi mwenyewe naye amepambwa: mistari myeusi na myeupe, na mikanda ya rangi ya chungwa. Hula kwa bidii, hukua, kisha huteremka na kujificha udongoni au ndani ya gogo lililooza, na huko hugeuka pupa. Siku zake zikitimia, hutoka na mabawa.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu. Baadhi yetu tuna mizabibu nyumbani, imetandazwa juu ya fito uani, kwa kivuli na kwa matunda machache ambayo watoto hufurahi kuyaleta hekaluni yawe prasadi. Tulipokuwa tukiandaa maneno haya tuliulizwa swali: "Hao viwavi wenye mistari wanaotoboa majani yetu, tuwapulizie dawa gani?" Muulizaji ni yule yule aliyekuwa ametusimulia kwa furaha habari za kipepeo mzuri aliyemwona Sigi.

Wahenga walisema: ukipenda boga, penda na ua lake. Hatuwezi kumsifu nondo na kumuua kiwavi, kwa kuwa ni mmoja. Tumefundishwa ahimsa, kutodhuru, na kuitekeleza kwa kiumbe kizuri kisichotugharimu kitu si kazi. Kazi huanza pale kiumbe kinapokula cha kwetu.

Hata hivyo hatutaki kusema kwa wepesi. Mkulima wa Dodoma, mkoa unaosifika kwa zabibu na unaovuna mara mbili kwa mwaka, hulisha watoto wake kwa majani yale. Jani likiliwa, tunda hupungua sukari. Hatuna haki ya kumhubiria kutoka kivulini. Lakini sisi wenye mzabibu mmoja uani hatumo katika hali yake. Mzabibu uliokomaa na wenye afya hupoteza majani kadhaa na kuchipua mengine. Mche mchanga ndio unaohitaji kulindwa, na viwavi wachache huondolewa kwa mkono, jani kwa jani, wakapelekwa kwenye mzabibu mwitu ulio uani au kando ya njia. Dawa inayopulizwa haiulizi nani ni nani. Humwua na nyuki aliyekuja kwenye maua.

Na ile mizabibu mwitu yenyewe tuiachie nafasi. Mara nyingi tunaposema tumesafisha kiwanja, maana yake tumefyeka kila kinachotambaa. Kipande cha ua kikibaki na mimea yake, na majani makavu na gogo moja vikiachwa chini yake, kiwavi atakuwa na chakula na mahali pa kulala hadi apate mabawa. Huko Sigi pia, tunapokwenda na mizigo ya vyakula na watoto, tusikate mimea ya kando ya njia na tusiache taka mtoni. Mto ule unatufuata hadi majikoni.

Tunapendekeza kwa kamati jambo moja dogo katika mwaka huu wa maadhimisho: upande wa nyuma wa kiwanja cha hekalu, penye ukuta usiotumika, pasifyekwe, bali paachiwe mimea ya kutambaa, na watoto wa hapa na wa majirani wapewe kazi ya kuandika kila mdudu watakayemwona. Haitagharimu fedha. Itagharimu majani.