Kinga ya Malengelenge ya Nyayo katika Mbio Ndefu za Milimani na Nyikani



Katika mashaka yote yampatayo mkimbiaji wa njia za milimani na nyikani, toka kiu na jua kali hata misuli kukaza ghafula penye mteremko, sijui lililo dogo kwa sura na zito kwa adhabu kama lengelenge la wayo; kwani mtu aliyejizoeza miezi mingi, mwenye pumzi za kutosha na moyo usiotishika, aghalabu hutolewa mashindanoni na kifuko cha maji kisichozidi punje ya kunde.

Dhana iliyoenea ni kwamba kiatu huichubua ngozi kwa juu, na lengelenge likatoka hapo. Sivyo. Wayoni, ambako ngozi ya nje ni nene na ngumu, soksi huishika ngozi hiyo isiteleze, ilhali mfupa ulio ndani huendelea kwenda mbele na kurudi nyuma kwa kila hatua. Basi yaliyo katikati ya viwili hivyo huvutwa huku na huku mara maelfu, hata tabaka laini za ndani ya ngozi zikachanika, na majimaji ya mwili yakaujaza ufa ule. Jasho huzidisha madhara, maana ngozi iliyolowa kiasi hung'ang'ania soksi kuliko ngozi kavu, na ndiyo sababu kiatu kilichomkaa mtu vyema alfajiri humtesa alasiri, mguu ukiwa umevimba na soksi imeshiba maji.

Maadamu chanzo ni hicho, kinga nayo yafaa ipimwe kwa hicho, wala si kwa bei yake dukani. Mwaka 2014 waganga wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Grant Lipman, waliwafuata wakimbiaji 128 katika mbio za kilometa 250, zilizogawanywa katika awamu sita, huko Jordan, Gobi, Madagascar na Atacama. Walibandika plasta ya karatasi, ile ile rahisi ya kushikizia bandeji hospitalini, katika baadhi ya sehemu za mguu mmoja, na sehemu zilizoachwa wazi za mguu huo huo zikawa ndiyo mizani. Wakimbiaji 98 hawakupata lengelenge hata moja chini ya plasta. Bali 81 walipata mahali palipoachwa wazi.

Ubandikaji wenyewe wataka utulivu. Mguu uoshwe, ukaushwe mpaka kati ya vidole. Plasta ikatwe na pembe zake ziviringwe kwa mkasi, zisije zikabanduka na kujikunja. Ilazwe tabaka moja tu, bila mkunjo, ipite kidogo mipaka ya mahali pa hatari. Kisha soksi ivalishwe kwa kukunjuliwa taratibu, si kwa kuvutwa. Gundi ya plasta hii ni dhaifu, na udhaifu huo ni fadhila, kwani ibanduliwapo haiondoki na ngozi ya lengelenge lililokwisha kutokea.

Kuna wasifuo dawa za kuzuia jasho. Mwaka 1998 ilitangazwa habari ya majaribio ya wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, waliotembea kilometa 21: waliojipaka dawa hiyo sawasawa walipata malengelenge kwa asilimia 21, na waliopaka dawa bandia asilimia 48. Lakini asilimia 57 ya wenye dawa ya kweli waliwashwa ngozi, na kwa hiyo mimi siipendekezi. Vaselini nayo hulainisha kwa muda, kisha msuguano hurudi na kuzidi. Apendaye kuitumia sharti aipake tena na tena. Juu ya soksi maneno yangu ni machache: pamba hushika maji, iachwe nyumbani.

Lililo gumu kufundisha ni kusimama. Katika Western States, mbio za maili 100 za California zilizochimbuka kwenye njia ya farasi, wakimbiaji huvuka mto American penye Rucky Chucky, karibu na maili ya 78, na wengi hutoka majini wamelowa kupita magoti. Atakayeketi ng'ambo, akakausha miguu na kubadili soksi, hupoteza dakika chache. Apitaye moja kwa moja huzilipa kwa saa za kuchechemea. Kadhalika asikiapo joto la kuchoma mahali pamoja pa wayo, asingoje kituo kijacho, maana joto lile ni dalili ya kwanza, na ngozi bado haijachanika.

Kwa hiyo naomba semina hii iwatake walimu wa riadha wawazoeze vijana kubandika plasta kwa mikono yao wenyewe, gizani kwa taa ya kichwani na wakiwa wamechoka, kabla hawajaandikishwa katika mbio zozote zipitazo usiku.