Kikosi cha Zimamoto Kijijini: Dakika Kumi za Kwanza

Vuta kiti ukae. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako lakini tega sikio, kwa sababu leo jambo letu linaanzia papo hapo jikoni.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Lakini nyumba ya jirani ikishika moto saa nane za usiku, dawa yake ni majirani waliojiandaa. Leo tutazungumza juu ya kikosi cha zimamoto cha kujitolea: jinsi ya kukianzisha na jinsi ya kukiendesha kijijini bila gari wala mshahara.

Pengine utauliza, "Kazi ya kuzima moto si ya serikali?" Ni kweli. Katiba ya mwaka wa 2010 iliwapa kaunti kazi ya zimamoto. Lakini hebu jiulize, gari la zimamoto lililo karibu nawe liko wapi? Kwa wengi wetu liko mjini, kilomita 30 au 40, na mvua ikinyesha barabara ya kwetu haipitiki. Chumba chenye godoro la sponji na mapazia kinaweza kuwaka chote kwa dakika tano. Kwa hivyo gari likifika, mara nyingi hukuta jivu. Dakika kumi za kwanza ni za wanakijiji wenyewe.

Na sisi wanakijiji hufanya nini katika dakika hizo? Tusidanganyane. Mmoja anapiga nduru, mwingine anakimbia na ndoo isiyo na maji, wa tatu anang'oa mabati, wa nne anafungua ng'ombe. Baadaye kabisa ndipo mtu huuliza, "Je, nyanya yuko wapi?" Msikilizaji, swali hilo ndilo linafaa kuwa la kwanza. Kikosi huundwa ili swali hilo lisichelewe.

Sasa tuanze. Mwombeni chifu au naibu wake awape nafasi katika baraza. Chagueni watu 12 hadi 20, wanaume kwa wanawake, wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ambao hulala kijijini siku nyingi. Mtu hodari anayefanya kazi mjini na kurudi mwisho wa mwezi hatawafaa usiku wa Jumanne. Jisajilini kama kikundi cha kijamii katika ofisi ya huduma za jamii, mfungue daftari la pesa, na mlisome mbele ya watu wote kila mwezi. Vikundi vingi huvunjwa na shilingi kabla ya kuvunjwa na kazi.

Kisha gawaneni kazi, kila mtu ajue yake hata akiamshwa usingizini. Kiongozi mmoja ndiye hutoa amri, na naibu wake huchukua nafasi asipokuwapo. Mmoja hupiga simu 999 au 112 na kueleza njia: soko gani, shule gani, ugeuke wapi. Maelezo hayo yaandikwe mapema kwenye karatasi, maana mtu mwenye hofu husahau hata jina la kijiji chake. Mwenye bodaboda huenda kwenye barabara kuu kulingoja gari na kuliongoza. Wengine hushughulikia maji, wawili hutoa huduma ya kwanza, na mmoja kazi yake ni moja tu: kuhesabu watu wa boma hilo na kuwauliza ni nani hayupo.

Vifaa si lazima viwe vya bei. Tafuteni ndoo 20, ngazi imara, shoka, majembe, mapanga, magunia ya katani, mablanketi mazito, tochi na mapipa ya mchanga mkavu. Tundikeni ringi ya gari kuukuu juu ya mti iwe kengele yenu, na mkubaliane kwamba haigongwi kwa jambo lingine lolote. Vifaa vikae mahali pamoja na funguo ziwe kwa watu watatu. Na jambo hili mlishike sana: ndoo hizo haziazimwi kwa harusi, matanga wala kukoroga simiti. Ndoo iliyoazimwa Jumamosi ndiyo itakayokosekana Jumapili.

Fanyeni mazoezi mara moja kwa mwezi. Jipangeni mistari miwili kutoka kisimani au kwenye tangi: mstari mmoja wapitishe ndoo zilizojaa, wa pili warudishe zilizo tupu. Hakuna anayekimbia. Mtajionea wenyewe jinsi maji yanavyofika kwa wingi kuliko kila mtu akikimbia na ndoo yake. Alikeni wazimamoto wa kaunti, au wakufunzi wa Msalaba Mwekundu, wawafundishe huduma ya kwanza.

Msikilizaji mpenzi, si kila moto huzimwa kwa maji. Moto wa mafuta ya taa ukiumwagia maji, mafuta huelea juu ya maji na kuusambaza. Tumia mchanga au blanketi zito lililoloweshwa. Sufuria ya mafuta ya kupikia ikiwaka, ifunike kwa kifuniko, zima jiko, na usiibebe. Moto wa umeme, zima kwanza swichi kuu. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje.

Nyumba ya nyasi ikishawaka paa, mara nyingi haiokoki. Usipoteze maji yako hapo. Hakikisha watu wametoka, kisha loweka paa na kuta za nyumba jirani, tandaza magunia yenye maji, na ufyeke nyasi kavu upande ule upepo unakoelekea.

Sasa nifike kwenye sheria ngumu zaidi. Mwanakikosi haingii ndani ya nyumba inayowaka moto. Najua utasema, "Na mtoto akiwa ndani?" Swali hilo linauma, wala silichukulii kwa wepesi. Lakini kinachoua wengi katika moto wa nyumba ni moshi kabla ya miali. Mtu akivuta moshi huo mara chache tu anaweza kuzirai, na hapo mna watu wawili wa kuokoa badala ya mmoja. Vunja dirisha au ukuta wa udongo kutoka nje, mwite kwa jina, mwambie atambae chini kuelekea sauti yako, kwa maana hewa iliyo chini ina moshi kidogo.

Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya kikosi hufanywa mchana, wakati hakuna moto. Tembeleeni kila boma. Andikeni mahali anapolala mzee asiyeweza kutembea, mtoto mwenye ulemavu, mama aliyejifungua juzi. Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni la shule ya Kyanguli, na madirisha ya bweni hilo yalikuwa na vyuma. Basi tazameni madirisha yenye vyuma na milango ya kufuli. Mama, usiwafungie watoto ndani kwa kufuli unapoenda dukani. Koroboi isiwekwe karibu na neti wala pazia. Na jiko la makaa lisilale ndani na watu: hata lisipochoma nyumba, hewa yake huua kimyakimya.

Kama kijiji chenu kiko kando ya barabara kuu, jifunzeni pia juu ya lori la mafuta. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilianguka na watu wakakusanyika kuchota. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Lori likianguka kwenu, kazi ya kikosi si kuzima. Ni kuwaondoa watu wakae mbali, upande upepo unakotoka, bila sigara wala pikipiki inayonguruma. Mtatukanwa na wenye mitungi mikononi. Vumilieni matusi, kwa sababu kuzika ni kugumu zaidi.

Mtu akishika moto mwilini, asikimbie. Alale chini na kubingirika, au mfunike kwa blanketi. Akiungua, mmwagilie maji baridi safi, yasiyo na barafu, kwa dakika 20. Mvue pete, saa na mkanda kabla hajavimba, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi iacheni. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, na sehemu nyingine ya mwili mfunikeni asipate baridi, hasa mtoto. Msipake dawa ya meno, yai, siagi wala udongo, na msipasue malengelenge. Aliyeungua uso, mikono au sehemu za siri, aliyechomwa na umeme, aliyevuta moshi, au ambaye jeraha lake linapita ukubwa wa kiganja chake, apelekwe hospitali mara moja hata akisema yuko sawa.

Moto ukiisha, kazi haijaisha. Kiongozi awahesabu wanakikosi wake. Mmoja wao abaki kulinda jivu lisiwake tena usiku. Kisha siku ya pili kaeni pamoja, mnywe chai, mseme mlichokiona. Kijana aliyemtoa jirani akiwa ameungua huenda asilale kwa siku nyingi, na kuna mwingine atajilaumu kwamba alichelewa. Msimwambie "jikaze, wewe ni mwanamume." Msikilizeni, na usingizi usiporudi baada ya majuma machache, mpelekeni kwa mhudumu wa afya.

Basi msikilizaji, nikuachie kazi tatu za wiki hii. Kwanza, hesabu hatua kutoka mlangoni pako hadi kwenye maji. Pili, waonyeshe watoto wako mti mmoja nje, uwaambie, "Moto ukizuka usiku, tukutane hapa, na asirudi mtu ndani, hata kwa viatu." Tatu, mwulize jirani yako ni nani hulala nyumbani kwake na katika chumba kipi. Akikuuliza mbona wataka kujua, mweleze, na mwombe ajiunge nawe. Hapo kikosi chenu kitakuwa na watu wawili tayari, na haba na haba hujaza kibaba.

Hadi tutakapokutana tena, kagua jiko lako kabla ya kulala, na ulale salama.