Samaki Hulelewa Matopeni

 

Leo napenda tutafakari habari za samaki aitwaye mwatiko. Ndugu zetu wa Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu wanamjua sana. Kwa wale ambao hawajamwona, ni samaki mwenye kung'aa kama fedha, mkia wake umegawanyika panda, na akikomaa aweza kupita urefu wa mita moja. Hana meno. Huishi baharini, lakini utoto wake hupita mahali pengine kabisa.

Mwatiko jike hutaga mayai usiku, huko nje baharini, nayo huhesabiwa kwa mamilioni. Hajengi kiota wala hakai kuyalinda. Baada ya siku moja hivi mayai huanguliwa, na kinachotoka ni kitoto chembamba kinachopenya nuru, hata huoni ila macho mawili meusi. Kwa majuma mawili au matatu vitoto hivyo huchukuliwa na maji, na vingi sana huliwa. Vinavyosalia hukaribia ufuo na kutafuta mlango wa hori au wa mto.

Mtauliza, kiumbe cha urefu wa ukucha kitawezaje kushindana na mkondo? Hakishindani. Wataalamu waliochunguza vitoto vya samaki wa namna nyingi wameona kwamba maji yakijaa, vitoto hupanda juu na kuchukuliwa kuelekea ndani. Maji yakianza kupwa, hushuka chini karibu na tope, ambapo mkondo ni dhaifu, vikangoja maji yajae tena. Hivyo husogea kidogo kidogo mpaka vikafika.

Na huko ndani kuna nini? Ukipita Mida karibu na Watamu, au Gazi kule Kwale, wakati maji yamekupwa, utaona tope na mizizi ya mikoko. Mgeni aweza kusema ni mahali pasipo faida. Kumbe juu ya tope hilo huota utando laini ambao samaki asiye na meno aweza kuula. Kati ya mizizi, samaki wakubwa hawapiti kwa urahisi. Maji yenyewe hubadilika, leo ya chumvi kali, kesho mvua ikinyesha ni karibu matamu, na mwatiko mchanga huyastahimili yote. Hukaa humo miezi mingi, kisha akiisha kupata nguvu hurudi baharini.

Basi, ndugu zangu, yule samaki tunayemwona mkubwa sokoni alilelewa matopeni. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki uwanda mtupu. Tangu 1991 watu walianza kupanda tena, mche kwa mche. Walipokuja kuchunguza mahali palipopandwa, walikuta kamba na samaki wachanga wamo. Mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni walianza mpango wa Mikoko Pamoja, na mapato yake yamesaidia maji na shule za vijiji vyao.

Lakini mikoko haitoshi kama mlango umezibwa. Mtu akitandaza chandarua cha mbu mdomoni mwa hori, huchukua kwa ndoo moja samaki ambao wangelisha kijiji baadaye. Tusifanye haraka kumhukumu. Mara nyingi ni mtu ambaye sufuria yake haina kitu jioni hiyo. Kumwambia aache, bila kumwuliza watoto wake watakula nini, si upendo. Kanisa lililo karibu naye lina deni la kuuliza swali hilo.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya pili, twasoma juu ya mama aliyemficha mtoto wake katika majani ukingoni mwa mto. Mama yake Musa hakuwa na nguvu za kumzuia Farao. Aliloweza ni kumtafutia mwanawe mahali pa kuokoka, na dada wa mtoto akasimama mbali kidogo akitazama. Mungu alitumia mahali padogo kama hapo.

Mzazi, nawe mwalimu wa shule ya Jumapili, pengine unafundisha chini ya mwembe, watoto kumi na kitabu kimoja, na waona kazi yako haionekani. Usiidharau. Wengi wanaosimama imara leo katika kilindi cha maisha walipata nguvu zao mahali kama hapo.

Na wakati wa kuondoka ukifika, tuwaachilie. Wafugaji wa pwani humweka mwatiko katika mabwawa, naye hunenepa vizuri. Lakini katika bwawa la kawaida hatagi, na wafugaji wengi wamelazimika kuchukua vitoto kutoka baharini. Mzazi anayemzuia kijana wake asiende kokote kwa kuogopa mawimbi humpa usalama wa bwawa. Tumlee vema, tumfungulie mlango, tumwombee.

Juma hili, msikilizaji, jiulize: je, ni mtoto gani aliye karibu nami anayehitaji mahali pa kukua? Na je, kuna mlango ambao mimi nimeuziba?

Tuombe. Ee Baba, uliyewapa hata samaki wachanga mahali pa kujificha, utufanye sisi kuwa kimbilio la watoto wetu. Uwape chakula wenye njaa, ili wasilazimike kula mbegu ya kesho. Ni katika jina la Yesu, Amina.