Mchezo wa Kugawana: Kuwafundisha Vijana Haki
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya mchezo ambao vijana wa Chama chetu waliucheza mwaka huu, hapa Kitengela na kule Kajiado. Huenda wengine wakauliza: Haki ni jambo zito, yawezaje kufundishwa kwa mchezo? Jibu letu ni fupi. Haki ikifundishwa kwa maneno matupu kila mtu huikubali, mpaka siku fungu lake litakapoguswa.

Katika Kajiado hakuna fungu linalogusa watu kuliko ardhi. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za kikundi, zikaendeshwa na wawakilishi wasiopungua 3 wala kuzidi 10. Walioandikwa katika daftari kwa kawaida walikuwa wanaume, wakuu wa jamaa zao. Ranchi zilipogawanywa, nayo ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, mwenye jina alipata shamba. Mjane na kijana wasioandikwa walibaki kutegemea hisani ya mwenye jina. Baadaye mashamba yakauzwa, nyua zikaongezeka, na njia nyingi za mifugo, na za nyumbu watokao katika Mbuga ya Nairobi, zikazibwa.

Basi mchezo wenyewe ni huu. Watu 20 huketi kuzunguka mkeka. Punje 60 za maharagwe ndizo ardhi, na jiwe lililowekwa pembeni ndilo lambo la maji. Kila mtu huokota karatasi iliyokunjwa. Karatasi 12 zimeandikwa “mwanachama”. 8 zilizosalia ni za wajane, vijana na wake wa wanachama.

Mara ya kwanza wanachama peke yao ndio husema. Kila mara tulipocheza, waligawana punje 5 kila mmoja, wakajipongeza kwamba wamefanya sawasawa. Ndipo msimamizi hutangaza ukame. Mwenye shamba la mbali na jiwe huona kwamba punje zake 5 si sawa na punje 5 za jirani aliye karibu na maji. Hapo vijana hujifunza neno la kwanza: vipimo vyaweza kulingana, na haki isiwepo.

Mara ya pili karatasi hubadilishwa. Kijana mmoja ambaye hapo kwanza alikuwa mwanachama, tena msemaji hodari, aliokota karatasi ya mjane. Akauliza, “Mbuzi wangu nitawanywesha wapi?” Akajibiwa kwamba hilo si shauri la leo. Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka, kwa kuwa jibu hilo alikuwa amelitoa mwenyewe nusu saa iliyotangulia. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mara ya tatu karatasi zote hukusanywa, na kanuni hutungwa kabla mtu hajajua ataokota nini. John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, alieleza wazo kama hilo katika kitabu chake cha mwaka 1971: kanuni za haki ni zile ambazo watu wangezikubali kabla ya kujua nafasi zao. Vijana wetu hawakukisoma kitabu hicho. Hata hivyo walitenga punje 20 kwanza kwa ajili ya maji na njia ya kuyafikia, wakagawa 40 zilizobaki kwa watu wote 20, punje 2 kila mmoja. Hakuna aliyepata nyingi, wala hakuna aliyeondoka mikono mitupu.

Wale watakaotaka kuucheza mchezo huu, yawapasa kushika mambo matatu. Asitajwe mtu wala jamaa yoyote halisi, maana nia ni kufundisha, si kutahayarisha. Asiwepo mmoja wa kuwa mnyonge kila mara. Tena mchezo usiishe punje zinapokusanywa. Nusu ya wakati iwekwe kwa mazungumzo, na wanyamavu waulizwe kwanza.

Mabibi na Mabwana, mchezo peke yake haumpi mtu shamba. Lakini Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyochukua mahali pa ile ya 1968, yasema kwamba mkutano wa jamii ni wa watu wazima wote wa jamii hiyo, wanawake kwa wanaume. Haki hiyo itabaki katika karatasi ikiwa mwanamke ataketi nyuma kwa haya, na kijana atasubiri aitwe. Mahali ardhi ilipokwisha kugawanywa, maswali hayajakwisha: nani atarithi, nani ataulizwa kabla ya shamba kuuzwa, nani atapitisha ng'ombe wapi wakati wa kiangazi?

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, mchezo huu uchezwe mwaka ujao na wazee pamoja na vijana, nao wazee waokote karatasi kama wengine. Pili, Karani wa Chama awasaidie wajane na vijana wanaotaka kujua kama majina yao yamo katika daftari la jamii zao, na kuwaandikia barua wale wasioyaona.

Punje za maharagwe hurudishwa mfukoni jioni. Ardhi ikigawanywa vibaya hairudishwi kwa urahisi hivyo. Ni heri vijana wetu wakajifunze kugawana mkekani kabla hawajaitwa kugawana nchi.