Tumsindikize, Tusimfukuze



Ndugu zangu wa Thika na Ruiru, mwezi huu tunafuturu pamoja, lakini yuko kijana ambaye hatumwiti. Leo mko chanda na pete, kesho hataki kukuona. Mkikosana kidogo anajikata kwa wembe. Kwao wanasema ana jini. Sisi tunasema hana adabu, basi tunamtoa. Huyo huenda ni mgonjwa, na tiba ipo.

Mwaka 1991 Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani, alichapisha matokeo ya tiba yake kwa wanawake waliokuwa wakijidhuru. Kila wiki mgonjwa alionana na mtaalamu peke yake, kisha akakaa na kikundi kujifunza kutuliza hasira, kuvumilia dhiki na kusema na watu vizuri. Mwaka mzima! Kujidhuru kukapungua. Kwa nini kikundi? Maradhi haya hujitokeza mtu akiwa na wenzake, na hapo hapo ndipo anapojifunza.

Mlango ni daktari. Anzieni Thika Level 5 au hospitali ya Ruiru, muombe barua ya rufaa. Mathari, iliyoanza 1910, iko hapo hapo Thika Road. Ulizeni kikundi kilipo. Kazi hasa ni wiki ya tatu, akikasirika na kutaka kuacha. Panda naye matatu, msubiri nje, usimuulize yaliyosemwa ndani. Ruqya asomewe, nani kakataza? Lakini kliniki asiache. Na akijidhuru usingoje barua, mpeleke hospitali usiku huo huo.