Furu na Haki ya Maskini



Sisi watu wa Ukerewe tumezoea kudhani kuwa samaki wa ziwani hawaishi. Utafiti umetufundisha vingine. Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Walikuta aina nyingi mno: wala konokono, wala mwani, wala wadudu. Lakini sangara, aliyepandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Baadhi zilionekana tena baadaye.

Sangara alileta viwanda na fedha za kigeni. Furu alikuwa kitoweo cha maskini. Waliompandikiza sangara hawakumwuliza mvuvi. Kwa hiyo si haki kumtwika yeye peke yake lawama yote.

Basi tunadai matokeo ya utafiti yasomwe mialoni, kwa Kiswahili. Nasi tuyakatae makokoro, hata kama mwenye nayo ni kiongozi wa jumuiya yetu. Haki ianzie kwetu.